Bahari Inaanzia Mwakiro

Mwanzoni mwa mwaka huu wa masomo, mwalimu wetu wa Kiswahili alimtaka kila mmoja wetu asimame na kusema anataka kufanya kazi gani baada ya kuhitimu. Wenzangu walitaja ualimu, ukalimani, uandishi wa habari na biashara ya mpakani. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Nataka kuwa mwanasheria wa bahari na mazingira." Darasa zima likaangua kicheko. Mmoja aliyekaa nyuma akauliza kwa sauti, "Bahari ipi? Ya Mwakiro?" Kicheko kikazidi, na mimi mwenyewe nikacheka, kwa sababu swali lilikuwa la haki. Burundi haina pwani. Kutoka mpaka wetu hadi bandari ya Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita elfu moja. Katika darasa lile la watu zaidi ya thelathini, walioiona bahari kwa macho yao walikuwa wawili, na mimi sikuwa mmoja wao.

Mwalimu hakucheka. Aliniambia tu, "Mjibu mwenzako kwa maandishi." Insha hii ndiyo jibu langu. Nimechelewa kuiandika kwa sababu jibu lenyewe lina sehemu ambayo sipendi kuisimulia.

Mimi ni mzaliwa wa Mwakiro, upande wa Muyinga, kaskazini-mashariki mwa Burundi. Nasoma sheria hapa Gitega, na Kiswahili nimekichagua kama somo la ziada. Nyumbani tunazungumza Kirundi. Kiswahili nilikipata kwanza katika soko la Muyinga mjini, na zaidi kwa mjomba wangu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa tandiboi wa malori yanayopita mpaka wa Kobero. Kwa hiyo bahari nilianza kuijua kupitia malori. Mafuta ya taa, saruji, mbolea, mitumba, karibu kila kitu kilichokuja kutoka mbali mjomba alikieleza kwa maneno yale yale: "Hiki kimeshuka melini."

Siku moja, nikiwa na miaka tisa hivi, mjomba alirudi na chupa ya soda iliyojaa maji ya bahari. Mama alitia kidole, akaonja, akatema. "Chumvi yote hii, na chumvi ya dukani inauzwa?" aliuliza. Mjomba akacheka hadi akakaa chini. Chupa ile ilikaa dirishani kwetu zaidi ya mwaka mmoja. Watoto wa jirani walikuja kuitazama kama mgeni.

Nyuma ya shamba letu, chini bondeni, kuna kijito. Sijawahi kuona jina lake kwenye ramani yoyote. Hapo ndipo tulipochota maji ya kufulia na ya kuwanyweshea mbuzi, na chini zaidi majirani hulima mpunga na mboga. Maji ya kunywa tuliyafuata kwenye chemchemi iliyojengewa, mwendo wa nusu saa. Lakini foleni ikiwa ndefu, au mtoto akitumwa peke yake, maji ya kijito yaliingia nyumbani bila mtu kuuliza yametoka wapi.

Juu kidogo ya kijito hicho kuna kituo cha kuoshea kahawa. Sitakitaja kwa jina, maana sikuandika insha hii ili kukishtaki. Ambaye hajawahi kuona kazi hiyo ajue kwamba kahawa mbivu ikifika kituoni humenywa kwa mashine, ikaachwa ichachuke ili utelezi uliobaki kwenye punje uachie, halafu ikaoshwa katika mifereji kwa maji mengi, ndipo ikaanikwa. Maganda na maji ya utelezi hubaki. Katika kituo chetu, kwa miaka yote ya utoto wangu, mabaki hayo yalielekezwa kijitoni. Kwa asili yake si sumu, ni tunda tu. Lakini tunda likioza ndani ya maji hula hewa ambayo samaki na vyura wanaitegemea, na maji yenyewe huwa makali kama siki. Kuanzia mwezi wa tatu hadi wa sita kijito chetu kiligeuka rangi ya chai ya rangi. Harufu yake ilifika hadi jikoni. Mbuzi walikaribia, wakanusa, wakarudi nyuma.

Mdogo wangu wa kike aliharisha kila msimu huo. Siwezi kuapa kwamba sababu ilikuwa maji, kwa kuwa hakuna aliyeyapima. Ninachojua ni kwamba aliugua wakati kijito kilipobadilika rangi, akapona kilipotakata.

Na mama yangu alifanya kazi katika kituo hicho hicho. Alikuwa mmoja wa wanawake wanaosimama kando ya vitanda vya kuanikia tangu asubuhi hadi jioni, wakichambua punje mbovu kwa vidole. Baba alifariki nikiwa darasa la nne. Fedha za msimu wa kahawa ndizo zilizonunua madaftari yangu, sare yangu na, baadaye, nauli yangu ya kuja chuoni. Nilikua nikila kutokana na kituo kile kile kilichochafua maji yetu. Nilipokuwa mdogo sikuona mgongano wowote. Ilikuwa hali ya dunia, kama mvua.

Kilichoniamsha ni somo la jiografia. Tukiwa kidato cha pili, mwalimu alichora Burundi ubaoni na kuigawa kwa mstari mmoja unaofuata safu ya milima. Maji yanayoanguka magharibi ya mstari, alisema, huenda Ziwa Tanganyika, hutoka kwa mto Lukuga, huingia mto Kongo na kuishia Bahari ya Atlantiki. Maji ya upande wetu huingia Ruvubu. Ruvubu huvuka kwenda Tanzania na kukutana na Nyabarongo karibu na maporomoko ya Rusumo, na kutoka hapo mto huitwa Kagera. Kagera huingia Ziwa Viktoria. Ziwa Viktoria hutoa Nile, na Nile huimwaga mizigo yake yote katika Bahari ya Mediterania. Alituambia pia kwamba kule Rutovu, kusini mwa nchi yetu, kuna piramidi ndogo iliyojengwa kuonyesha chemchemi ya kusini kabisa ya mto Nile.

Niliinua mkono nikauliza, "Mwalimu, hata maji ya kijito chetu?" Akasema, "Hata maji uliyonawia uso leo asubuhi." Jioni nilishuka bondeni nikatazama maji yale ya rangi ya chai. Kwa mara ya kwanza nikafikiri kwamba uchafu huo hauishii kwetu. Watu wa chini yetu wanaupokea, na wa chini yao wanaupokea kutoka kwao. Burundi haina pwani, lakini ina njia mbili za kufika baharini, na moja inapita nyuma ya shamba letu.

Nilipoanza kusoma sheria, nilitarajia kukutana na ardhi, ndoa, mirathi na jinai. Nilikutana nazo. Lakini katika mwaka wa pili, kwenye somo la sheria ya kimataifa, tulifika kwenye Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, uliotiwa saini Montego Bay, Jamaika, mwezi Desemba 1982, na kuanza kutumika tarehe 16 Novemba 1994. Wenzangu wengi waliona ni somo la kupita ili kufaulu mtihani. Mimi nilikaa nao maktabani kwa wiki mbili.

Nilidhani mkataba wa bahari ni wa wenye bahari. Nikakuta sehemu nzima, sehemu ya kumi, inayohusu nchi zisizo na pwani. Kifungu cha 125 kinazipa haki ya kufika baharini na kurudi, na uhuru wa kupitisha mizigo katika nchi jirani. Nikamkumbuka mjomba na malori yake ya Kobero. Kifungu cha 90 kinasema kila nchi, iwe na pwani au isiwe nayo, ina haki ya kuwa na meli zinazosafiri bahari kuu chini ya bendera yake. Kifungu cha 69 kinazungumzia hata samaki: nchi isiyo na pwani ina haki ya kushiriki, kwa njia ya uadilifu, katika sehemu ya ziada ya samaki wa majirani zake wa pwani. Kisha nikafika kifungu cha 207, kinachozitaka nchi zitunge sheria za kuzuia uchafuzi wa bahari unaotoka nchi kavu. Katika kutaja njia za uchafuzi huo, kifungu kinaanza na mito. Nilisoma sentensi hiyo mara tatu. Watu waliokutana mbali kabisa, wakizungumzia bahari, walikuwa wamekitaja kijito chetu bila kukijua.

Niligundua pia kwamba sheria hiyo haikuandikwa na Wazungu peke yao. Wazo la ukanda wa kiuchumi wa bahari, yaani eneo la hadi maili 200 za baharini ambamo nchi ya pwani ina haki juu ya samaki na mali nyingine za baharini, liliwasilishwa na mwanasheria wa Kenya, Frank Njenga, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Alilipeleka kwanza katika kamati ya kisheria ya nchi za Asia na Afrika, kisha mwaka 1972 katika kamati ya Umoja wa Mataifa iliyoshughulikia sakafu ya bahari. Wakati huo nchi nyingi changa zilikuwa zikitazama meli za mataifa tajiri zikivua karibu na fukwe zao. Nchi nyingine zilitaka kudai bahari yote hiyo kuwa mali yao kamili. Wenye meli kubwa walitaka ibaki huru. Njenga na wenzake walipendekeza njia ya katikati: mwenye pwani apate mali, na meli za wengine ziendelee kupita. Leo ni sheria ya dunia nzima. Naye Joseph Warioba wa Tanzania, ambaye wengi wanamjua kama Waziri Mkuu wa zamani, alikuwa miongoni mwa majaji wa kwanza wa Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari, iliyoko Hamburg, Ujerumani, mwaka 1996. Baadaye Mtanzania mwingine, James Kateka, alikaa katika mahakama hiyo hiyo. Nilipofunga vitabu hivyo niliamua: kazi yangu itakuwa hii.

Sasa nimefika sehemu nisiyoipenda.

Likizo iliyofuata nilirudi Mwakiro nikiwa na kichwa kilichojaa vifungu. Ulikuwa msimu wa kahawa na kijito kilikuwa kimebadilika rangi kama kawaida. Nilikuwa nimesoma kanuni ya mchafuzi kulipa. Nilikuwa nimesoma sheria ya mazingira ya Burundi ya mwaka 2000 na mabadiliko yake ya mwaka 2021, pamoja na sheria ya maji ya mwaka 2012. Nilijua maana ya tathmini ya athari kwa mazingira. Nikakaa usiku mmoja kwa mwanga wa tochi ya simu nikaandika barua ya kurasa tatu, kwa Kifaransa kizuri, nikiorodhesha kila kilichovunjwa. Mwisho wa barua niliandika ombi moja: kituo kifungwe.

Nilizunguka kwa majirani wa bondeni kutafuta saini. Kumi na wanne walitia saini, wengi wao wakulima wa mpunga. Mama hakutia. Aliitazama barua, akauliza inasema nini, nikamweleza kwa Kirundi. Alinyamaza kidogo, akasema, "Ulichoandika ni kweli," kisha akaenda kulala.

Sikutarajia barua ya mwanafunzi ingefika mbali, lakini ilifika. Wiki chache baadaye maofisa walikuja, wakatazama mfereji, wakatazama kijito, wakaandika. Kituo kikaambiwa kisimamishe kazi hadi kitakapopata namna ya kuhifadhi mabaki. Nilikuwa nimesharudi chuoni. Niliposikia habari hizo kwa simu nilifurahi mno, nikawasimulia wenzangu wa chumba kama mtu aliyeshinda kesi.

Msimu ulikuwa katikati. Kahawa iliyokuwa imeiva haikuweza kungoja. Wakulima waliibeba kichwani hadi kituo kingine cha mbali, na nyingine ikaharibika njiani. Wanawake zaidi ya arobaini waliokuwa wakichambua kahawa walirudi nyumbani, mama akiwa mmoja wao. Siku moja akiwa kijitoni anafua, mwanamke mwenzake, ambaye nilizoea kumwita shangazi, alimwambia, "Mwanao amesomea kutuua kwa njaa?" Mama hakuniambia. Nilisikia kwa mdogo wangu.

Mwezi wa nane nilirudi nyumbani. Kijito kilikuwa safi kuliko nilivyowahi kukiona wakati wowote tangu utotoni. Nyumbani kulikuwa na mbuzi mmoja. Nilipoondoka walikuwa watatu. Usiku, tukiwa jikoni, nilianza kumweleza mama jinsi sheria ilivyofanya kazi. Alinisikiliza hadi nikamaliza. Kisha akaniuliza, bila ukali, "Mwanangu, umesoma vifungu vyote hivyo. Kipo kinachosema sisi tutakula nini mwezi wa tano?"

Sikuwa na jibu. Nimesoma vitabu vingi tangu siku hiyo na bado swali hilo ndilo gumu kuliko yote niliyowahi kuulizwa katika somo la sheria.

Naomba msomaji asinielewe vibaya. Sijutii kwamba niliandika. Maji yale yalikuwa yakiharibika na mtu alipaswa kusema. Ninachojutia ni neno moja la mwisho, "kifungwe". Niliandika kurasa tatu za ushahidi, lakini nilifikiri juu ya dawa kwa dakika moja tu. Sikuwauliza wanawake wa vitandani wanataka nini, hata mama yangu aliyekuwa chumba cha pili.

Kwa msaada wa mkuu wa kolini yetu, mzee mwenye subira, kilifanyika kikao chini ya mti mbele ya ofisi yake. Walikuja wa bondeni, wanawake wa kituo na msimamizi wa kituo mwenyewe. Mimi niliombwa nieleze sheria kwa lugha ambayo kila mtu anaielewa. Hapo nikagundua udhaifu wangu mwingine: nilijua kuisema sheria kwa Kifaransa tu. Nilihangaika kutafuta Kirundi cha "tathmini ya athari", nikakimbilia Kiswahili pale Kirundi kiliponikwama, kwa sababu msimamizi na baadhi ya wafanyabiashara walikielewa. Mzee mmoja alinikatiza: "Yaani kabla ya kujenga choo, uliza kisima kiko wapi." Ndiyo, nikasema, ndiyo hasa. Tangu hapo sijapata tafsiri bora zaidi.

Katika kikao hicho hakuna aliyeomba kituo kifungwe. Wa bondeni walitaka maji. Wanawake walitaka kazi. Msimamizi alisema kuchimba mashimo ya kuhifadhi maji machafu kunahitaji fedha na watu. Ndipo mama yangu, ambaye sijawahi kumsikia akisema mbele ya watu, akauliza, "Watu si sisi hapa?" Ikakubaliwa kwamba mashimo yachimbwe kabla ya msimu, wachimbaji walipwe kwa siku, na wanawake waliopoteza msimu wapewe nafasi ya kwanza. Maganda yatarundikwa yaoze, na wakulima wa bondeni wayachukue bure kuwa mbolea.

Sitaki kupamba. Mashimo mawili yalichimbwa kati ya matatu yaliyoahidiwa. Mvua kubwa ya mwezi wa nne ilijaza moja na maji yake yakafurika kijitoni kwa siku kadhaa. Lakini msimu huo kituo kilifanya kazi hadi mwisho, mama alilipwa hadi wiki ya mwisho, na maji yalipobadilika rangi yalibadilika kidogo. Mdogo wangu aliugua mara moja tu. Yule shangazi bado hanisalimii kama zamani. Anaitikia, lakini hasimami.

Tangu hapo nasoma sheria za maji kwa jicho jingine. Kila ninapokutana na katazo, natafuta jibu la swali la mama. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika upande wake wa Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, kutokana na makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa: Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia. Lengo lilikuwa kuwapa samaki muda wa kuzaana. Zamani ningeishia hapo na kupiga makofi. Sasa najiuliza kuhusu mwanamke wa Kigoma anayeanika dagaa mchangani: miezi mitatu hiyo alikula nini, na ni nani aliyemuuliza kabla? Hilo halimaanishi kwamba kufunga kulikuwa kosa. Ziwa likiisha samaki, mwanamke huyo atakosa chakula si kwa miezi mitatu bali kwa maisha yake yote. Najifunza tu kwamba sheria ina nusu mbili. Nusu ya kwanza inasema nini kisifanyike. Nusu ya pili inasema wale waliokuwa wakiishi kwa jambo hilo watafanya nini. Nusu hii ya pili ndiyo nadhani watu huiita sera, na ndiyo niliyoisahau katika barua yangu.

Naelewa sasa pia kwa nini wazo la Njenga lilidumu. Halikumwambia mtu yeyote aondoke baharini akiwa mikono mitupu. Kila upande ulipata kitu cha kubaki nacho, hata sisi tusio na pwani tulitengewa vifungu vyetu. Ndivyo ilivyokuwa pia katika kikao cha chini ya mti, ingawa hakuna aliyekuwa amesoma Mkataba wa Sheria ya Bahari.

Wenzangu huniuliza kama kazi ya namna hii ipo kweli kwa Mrundi. Ipo, na mahali pengine iko karibu kuliko tunavyofikiri. Mkataba wa kusimamia Ziwa Tanganyika ulitiwa saini Dar es Salaam mwezi Juni 2003, na mamlaka iliyoundwa na mkataba huo ina makao yake Bujumbura. Nchi za bonde la Nile zina ofisi yao ya ushirikiano Entebbe, Uganda. Burundi ilitia saini mkataba wa ushirikiano wa bonde hilo mwezi Februari 2011, ikiwa nchi ya sita, na mkataba huo ulianza kutumika tarehe 13 Oktoba 2024. Nchi ndogo kama yetu ilihesabiwa sawa na kubwa. Kuna kazi katika wizara, katika mahakama zetu wenyewe, katika mashirika ya mipakani na bandarini. Mwezi Mei 2024 mahakama ile ya Hamburg ilitoa maoni kwamba gesi chafu zinazopasha joto dunia ni uchafuzi wa bahari kwa mujibu wa mkataba. Maana yake ni kwamba wanasheria wa bahari sasa watalazimika kufikiri hata juu ya moshi wa nchi kavu. Nasi ambao nchi zetu zinatoa moshi kidogo na kufurikiwa sana, kama watu wa Gatumba walivyofurikiwa na maji mara kwa mara miaka hii, tunapaswa kuwa na watu wa kusema katika vyumba hivyo.

Lakini kuna kazi nyingine isiyo na ofisi: kuifikisha sheria kwa lugha ya watu inaowahusu. Hii ndiyo sababu niko katika darasa la Kiswahili. Lori linalotoka Dar es Salaam hadi Muyinga linapita kwa Kiswahili njia nzima. Mvuvi wa Kigoma, wa Uvira na wa Rumonge wanagombana kwa Kiswahili na wanapatana kwa Kiswahili. Mkataba unaowatawala umeandikwa kwa lugha nyingine. Kama mzee wa kolini yetu aliweza kuieleza tathmini ya athari kwa mazingira kwa choo na kisima, basi siyo kweli kwamba mambo haya ni magumu kwa watu wa kawaida. Sisi tuliosoma ndio hatujajifunza kuyasema.

Kila ninapokwenda nyumbani, gari linavuka Ruvubu baada ya kutoka Gitega, kabla ya kufika Karuzi. Nimezoea kukaa upande wa dirisha. Wakati wa mvua mto ni mwekundu kwa udongo wa milima yetu, udongo ambao mtu fulani alitaka kuvuna maharage juu yake. Najua sasa unakokwenda.

Likizo ijayo shimo la tatu linapaswa kuchimbwa. Nimeahidi kuwa pale na jembe, na nimeandika barua nyingine ya kukumbusha ahadi. Ina ukurasa mmoja, kwa Kirundi. Safari hii nilimsomea mama kabla ya kuituma. Alinifanya nibadilishe sentensi mbili, kisha akatia saini yake juu ya yangu.

Kwa mwenzangu uliyeuliza ni bahari ipi: ndiyo, ya Mwakiro.